Gusii isiulizwe baada ya uamuzi kupita

Katiba ya 2010 haikuwaachia viongozi wa Kisii na Nyamira hiari ya kuwasikiliza wananchi. Iliwaamuru. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi na maendeleo endelevu ndani ya orodha moja ya maadili ya taifa, na kinamfunga kila afisa wa serikali anapotunga sheria, anapoitekeleza au anapopitisha sera. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia, kulinda na kuhifadhi mazingira. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti jukumu la kuhakikisha kwamba jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani, na kuzijengea uwezo wa kushiriki. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Muda wa kujifunza umekwisha, na sisi tunatamka bila kuficha: katika nchi ya Gusii amri hiyo inatimizwa kwenye karatasi tu, huku mabonde, mito na migongo ya wakulima ikilipa gharama.

Mtindo tunaujua sote. Tangazo linabandikwa ukutani siku chache kabla ya mkutano, au linachapishwa katika gazeti ambalo mkulima wa Kenyenya au Nyamaiya hanunui. Hati yenyewe, kurasa kwa kurasa za Kiingereza cha wahandisi na wahasibu, haionekani. Siku ikifika watu wanaketi, afisa anasoma mbio mbio, wachache wanaruhusiwa kusema, kisha orodha ya mahudhurio inapitishwa kutoka kiti hadi kiti. Baadaye orodha hiyo inabanwa nyuma ya ripoti iwe ushahidi kwamba umma umeridhia. Aliyetia sahihi alithibitisha kuwa alifika, basi. Afisa anayeigeuza sahihi hiyo kuwa kibali anawasingizia wananchi neno ambalo hawakulisema.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu kwa sababu ya ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, eneo la takriban kilomita za mraba 1,300. Nyamira ilikuwa na watu 605,576 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 900. Kwa Kisii, hiyo ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao ni wakulima. Shamba la babu limegawiwa wana, wana nao wamewagawia wana wao, hadi mpaka wa shamba umekuwa ukuta wa nyumba. Kaunti yenye mbuga tupu inaweza kukosea kisha ikahamishia kosa lake kwingine. Gusii haina kwingine. Jaa la taka likichimbwa, kuna watoto wanaolala upande wa pili wa ua. Bonde likikauka, ni chemchemi ya kijiji iliyokufa, na mama anapanda na kushuka kilima kingine akiwa na mtungi. Ndiyo maana kumwuliza mwenyeji kabla ya kukata shauri ni sehemu ya uhandisi wenyewe wa mradi.

Chukua suala la mikaratusi, ambalo limewashinda watawala wengi. Mti huu uliletwa Kenya mnamo 1902 ili kupata kuni za garimoshi, na baadaye ukapata makao Gusii kuliko sehemu nyingi za nchi. Umejaa mabondeni, umesimama juu ya chemchemi, umepanga mstari kando ya vijito. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo na kingo za mito ing'olewe. Kwa upande wa maji alikuwa na hoja nzito, kwa kuwa mti unaokua kwa kasi namna ile hunywa maji mengi, na ukipandwa penye unyevu hunywa hata yale ambayo kijiji kilitegemea kiangazi. Lakini safiri leo kutoka Keroka hadi Nyamira mjini, au kutoka Suneka kwenda Ogembo, uyatazame mabonde. Mikaratusi ingali imesimama.

Mgala muue na haki umpe: mkaratusi umelipa karo, umejenga nyumba, umegharimia matibabu na mazishi. Mkulima mwenye robo ekari ya bonde lisilofaa mahindi aliupanda kwa hesabu sahihi. Unakua haraka, hauhitaji dawa, na mnunuzi yupo: wauza mbao, wanaotafuta nguzo, wachomaji wa matofali, na viwanda vya majani chai. Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe, Nyamache, Kiamokama, Itumbe, Ogembo. Viwanda vya chai ya wakulima wadogo hukausha majani kwa mvuke, na mvuke huo unatokana na kuni. Kwa hiyo serikali ilipiga marufuku mti mabondeni huku uchumi uleule ukiendelea kuununua langoni. Hakuna aliyekwenda bondeni kuketi na mwenye miti, na mama anayeteka maji chini yake, na mkurugenzi wa kiwanda kinachonunua kuni, ili wakubaliane ni kitu gani kitachukua nafasi ya mapato yatakayopotea na kwa muda gani. Agizo lilishuka kutoka Nairobi, likapita, mti ukabaki.

Huo ndio ushahidi mkubwa tulio nao dhidi ya wanaosema kwamba kuwashirikisha wananchi huchelewesha uhifadhi. Hapa hawakushirikishwa, na uhifadhi wenyewe haukutokea. Kanuni za maji zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa wala kujengwa. Ni mabonde mangapi ya Gusii ambayo yamepimwa kwa kamba na vigingi, mwenye shamba akiwa amesimama pale, akielezwa kwa nini mita 6 kwake na mita 15 kwa jirani? Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, vikundi vya wenyeji wa mto mmoja vinavyoweza kufanya kazi hiyo kwa haki na kwa kujuana. Vipewe fedha na mamlaka ya kweli. Na kwa kuwa wakulima ndio wenye hisa katika viwanda vya chai, swali la kuni zitoke wapi, na mashamba ya kuni yawe mbali kiasi gani na maji, liwekwe mezani kwenye mikutano mikuu ya viwanda hivyo. Mkulima apige kura akijua kwamba kuni za kiwanda chake na maji ya nyumbani kwake vinatoka bonde moja.

Mto Gucha huanzia kwenye vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii, ukateremka Migori hadi Ziwa Victoria. Kila mvua kubwa watu wa Nyatike huogopa mafuriko yake. Udongo unaoletwa na maji huko chini ni wa mashamba yetu. Kwa hiyo maamuzi ya mabonde ya Gusii yanawagusa watu wasiopiga kura Gusii, na kaunti zinazopitiwa na mto mmoja zinapaswa kukaa pamoja. Tumeziona Kisii na Nyamira zikivutania ushuru wa mji wa Keroka kwa miaka. Nguvu hiyo ingeelekezwa kwenye mpango mmoja wa mto mmoja, wakazi wa pande zote mbili wangekuwa na cha kushika.

Twende Tabaka, Mugirango Kusini. Jiwe la Kisii limetoka pale kwenda dunia nzima. Mchongaji Elkana Ong'esa, mwana wa eneo hilo, amelipeleka mbali kuliko balozi yeyote wa serikali. Lakini nyuma ya kila kinyago kinachopamba maduka ya watalii kuna shimo. Wanaume huteremka machimboni kwa sururu na mtaimbo, huchonga kwa panga na visu. Wanawake huketi wakisugua kwa msasa na maji hadi jiwe ling'ae, na vumbi jeupe linakaa nguoni, nyweleni na vifuani. Jiwe hili halioti tena. Shimo lililochimbwa likaachwa hujaa maji, na shimo lililojaa maji karibu na nyumba ni hatari kwa mtoto na kwa ng'ombe.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ambako madini yanachimbwa. Sheria hiyohiyo inawatambua wachimbaji wadogo na inaagiza kila kaunti iwe na kamati ya kuwashughulikia. Tunauliza, na tunataka jibu la maandishi kutoka kwa serikali ya taifa na ya Kaunti ya Kisii: jiwe la Tabaka limeingiza mrabaha kiasi gani, asilimia 10 ya jamii imepitia mikono ya nani, na mashimo yapi yamefukiwa? Mchimbaji, mchongaji na msugua jiwe wana haki ya kuzijua hesabu hizo chini ya Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mtu ambaye haonyeshwi hesabu ya jiwe lake, ukimwita kutoa maoni kuhusu mustakabali wa jiwe hilo, unampotezea siku.

Wakati ndio kiini cha yote haya, na sheria ya Kenya imekwisha kulisema hilo wazi. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu, cha megawati 1,050. Leseni hiyo ilikuwa imetolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mikutano ilikuwa imefanyika Lamu, tena si mmoja. Kosa lilikuwa kwamba wananchi walikutanishwa kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na utafiti ulipokamilika hawakurudiwa waelezwe ulichobaini. Waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekipima. Mradi wa mabilioni ukaanguka kwa sababu hiyo. Kila afisa wa mazingira wa Kisii na Nyamira anapaswa kuisoma hukumu ile kabla ya kuweka muhuri kwenye chochote.

Kanuni za tathmini ya athari za mwaka 2003 zinasema kazi hii inavyofanywa. Mwenye mradi unaohitaji utafiti kamili hubandika mabango karibu na eneo, huchapisha tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, hutangaza redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, na hufanya mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Lugha ya wenyeji. Gusii ina Egesa FM na Minto FM, na watu wanazisikiliza shambani, jikoni na kwenye bodaboda. Hakuna udhuru wa kumsomea bibi wa Magombo muhtasari wa Kiingereza wakati sheria yenyewe imemfikiria.

Kuna mengine ambayo wapanga mikutano wa Nairobi, na hata wa Kisii mjini, huyasahau. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Siku ya mkutano ni siku isiyo na kipato. Wasabato ni wengi sana katika Gusii, na mkutano wa Jumamosi asubuhi umewafungia mlango kabla haujafunguliwa. Mwanamke ambaye jina lake halimo kwenye hati ya ardhi, lakini ndiye anayelima, kuteka maji na kuokota kuni, mara nyingi hahesabiwi kuwa mwenye mali anayeathirika. Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco mwaka 2019, ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, wananchi wapewe muda na taarifa za kutosha, na uwakilishi uwe jumuishi. Kupanga mkutano kwa saa na siku ambayo watu hawawezi kufika ni kukiuka hukumu hiyo, hata kama viti vimejaa.

Bwawa la Bonyunyu ni mfano wa karibu. Maji yanahitajika, Kisii, Nyamira na Keroka zinakua, na mifereji mingi ya mijini haina uhakika. Hatupingi bwawa. Lakini wakazi wa eneo la mradi walijawa na hofu ya kuhamishwa, wakapinga, na miaka ikayoyoma. Katika nchi ambayo ekari moja inalisha vizazi vitatu, swali la kwanza la mtu ni atakwenda wapi, na makaburi ya wazee wake yatakwenda wapi. Jibu lilipaswa kuwa tayari kwa maandishi kabla ya mpimaji wa kwanza kushuka garini.

Kuhusu taka za miji yetu tutasema machache, maana aibu inaonekana kwa macho. Kijito cha Nyakomisaro kinapita katikati ya Kisii mjini kikiwa kimebeba uchafu wa mji. Utupaji taka ni jukumu la kaunti kikatiba, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti zitenganishe taka, zirejeleze zinazofaa na ziwe na mipango iliyoandikwa. Mipango hiyo iwekwe hadharani, pamoja na jina la kijiji ambacho kila lori litakwenda kumwaga.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya mazingira, na kwamba uchumi ni jambo lingine. Wanakosea. Mradi huzaliwa kwenye bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umewasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwananchi anayeitwa mwezi Juni ameitwa baada ya shauri kukatwa. Sheria hiyo pia inaagiza kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, lenye wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya kidini, gavana akiwa mwenyekiti. Wakazi wa Kisii na Nyamira wawajue wajumbe wao kwa majina. Na mabunge ya kaunti yakumbuke yaliyoipata Kiambu: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2013 ya kaunti hiyo kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Ushuru uliopangwa kwa mwaka mzima ulipoteza msingi. Bunge la Nyamira, lililowahi kugawanyika makambi hasimu, linapaswa kufahamu kwamba wawakilishi wasioweza kuketi pamoja hawawezi kudai kwamba wameusikia umma.

Hukumu yetu basi ni hii. Magavana wa kaunti hizi mbili wamekuwa na sheria ya kutosha, mahakama zimewafafanulia, na bado mikutano inaitishwa ili kutimiza masharti ya wafadhili na wakaguzi. Hilo likome mwaka huu wa fedha. Kila mradi unaogusa maji, mlima, machimbo au makao ya watu uwe na muhtasari wa Kiswahili na wa Ekegusii, uwekwe kwenye ofisi ya wadi na kutangazwa redioni wiki kadhaa kabla ya mkutano, na ripoti ya baadaye ioneshe ni maoni gani yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa sababu gani. NEMA isitoe leseni kwa mradi wowote wa Gusii ambao haujafanya hivyo, na leseni iliyopatikana kwa orodha ya mahudhurio pekee ifutwe. Wawakilishi wa wadi wakatae kupitisha bajeti ambayo maoni yake hayajajibiwa.

Nanyi wasomaji wa Kisii na Nyamira msikae mkingoja kuitwa. Sheria ya Serikali za Kaunti inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake, na inaruhusu kura ya maoni ya mashinani kuhusu uamuzi wa mipango au uwekezaji pale ambapo ombi limesainiwa na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa wa eneo hilo. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba umeumia. Mahakama ya Ardhi na Mazingira iko Kisii na iko Nyamira. Na leseni ya NEMA ikitolewa kwa mradi usioukubali, unazo siku 60 za kukata rufaa.